Anayepima maji anayokunywa mwanao

Swali ninaloulizwa na wazazi kuhusu maji kuliko yote ni fupi: "Dada, maji yenyewe meupe peee, nichemshe ya nini?"

Wiki hii nalijibu kwa kupitia kazi ya watu ambao hatuwaoni, ingawa wanayajua maji yetu kuliko sisi tunaoyanywa. Ni wataalamu wa maabara ya ubora wa maji. Wizara ya Maji ina maabara hizi katika mikoa mbalimbali, Songea ikiwamo, na mamlaka za maji nazo hupima maji yao kabla na baada ya kuyasukuma kwenye mabomba.

Sisi wa Songea tumezoea kujivunia maji, na tuna sababu. Milima ya Matogoro hapo juu yetu ndiyo chanzo cha Mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji, na cha Mto Luegu, ambao maji yake huishia Rufiji. Mto Ruhila, tegemeo la mamlaka yetu ya maji, SOUWASA, nao unaanzia huko huko. Maji ya mlimani, baridi, yanang'aa. Mtu mzima aliyekua akiyanywa kwa kiganja haoni kwa nini mjukuu wake achemshiwe.

Mpima maji hashindani na babu. Yeye hachukui rangi kama jibu, basi. Bakteria mmoja ni mdogo kiasi kwamba maelfu wanaweza kukaa kwenye glasi moja na glasi ikabaki inang'aa.

Kazi yenyewe huanzia bombani au kisimani, siyo maabara. Mtaalamu ananawa mikono, anafungua bomba na kuyaacha maji yatiririke dakika mbili tatu, analifunga, kisha anaunguza mdomo wa bomba kwa pamba yenye spiriti inayowaka. Ukimwona mara ya kwanza unaweza kudhani anataka kuchoma nyumba ya watu. Anachofanya ni kuua vijidudu vilivyokaa kwenye bomba lenyewe, ili atakachokipata kiwe cha maji na siyo cha mikono yetu. Anafungua tena na kukinga maji kwenye chupa iliyochemshwa kwa mvuke, asiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko.

Chupa hiyo haisuuzwi. Ndani yake kuna dawa kidogo ya kuzima klorini, kwa sababu klorini ikiachwa iendelee kuua vijidudu njiani, majibu yatasema maji ni salama kuliko yalivyokuwa bombani. Halafu chupa inaingia kwenye kasha lenye barafu na safari inaanza. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa sita hivi, na isizidi saa 24. Kwa aliyetoka kuchukua sampuli kijiji cha mbali wilaya ya Tunduru au Nyasa, hesabu hiyo ya saa ndiyo inayompa presha, na ndiyo maana kuna vifaa vya kubeba vya kupimia huko huko kijijini.

Maabara, mililita 100 za maji hayo, chini ya nusu ya kikombe cha chai, hupitishwa kwenye karatasi ya chujio yenye matundu madogo mno, mikromita 0.45. Maji yanapita, bakteria wanabaki juu. Karatasi inawekwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, na kisahani kinalazwa kwenye kabati la joto, ndugu yake lile la kutotolea vifaranga, kwa nyuzi 44. Joto hilo limechaguliwa kwa makusudi: bakteria wa udongoni wengi hawalimudu, lakini wanaotoka kwenye matumbo ya watu na wanyama wanalimudu. Kesho yake mtaalamu anafungua na kuhesabu vidoa. Kulingana na chakula alichotumia, vitakuwa vya njano au vya buluu. Kila kidoa ni ukoo uliozaliwa na bakteria mmoja aliyekuwa ndani ya yale maji.

Anayetafutwa hasa ni E. coli. Wengi wa jamii hiyo hawamdhuru mtu, wanaishi matumboni mwetu kila siku. Kuonekana kwake majini kuna maana moja tu: kinyesi kimeingia. Na palipoingia kinyesi, panaweza kuingia kipindupindu, homa ya matumbo, virusi vya kuharisha na minyoo. Ndiyo maana kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania cha maji ya kunywa, TZS 789, pamoja na miongozo ya Shirika la Afya Duniani, havisemi "wachache wanavumilika". Katika mililita 100 anatakiwa asiwepo hata mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo naona wazazi wengi hawajaambiwa. Hesabu hiyo inatoka baada ya siku nzima. Maji yaliyopimwa jana asubuhi yameshanywewa, yameshapikiwa uji, yameshaingia kwenye chupa ya mtoto. Maabara inaweza kugundua tatizo na kulizuia lisiendelee, lakini haiwezi kuingia jikoni kwako kabla ya kikombe cha kwanza.

Kwa sababu hiyo kipimo kinachofanywa mara nyingi zaidi ni kile cha haraka, cha klorini. Mtaalamu anatumbukiza kidonge kidogo kwenye maji ya bomba, yanageuka rangi ya waridi, na kadiri waridi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kwenye bomba la mteja inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ikiwa haionekani kabisa, ama haikuwekwa ya kutosha, ama kuna kitu njiani kimeila, pengine bomba lililopasuka na kuvuta uchafu. Ile harufu ya dawa tunayoilalamikia ndiyo mlinzi aliyefika mpaka nyumbani. Binafsi siipendi kwenye chai, lakini nikiisikia nalala usingizi.

Mvua zikianza, Novemba kwenda mbele, kazi hubadilika. Mto unaleta tope, na tope linaila klorini na kuwaficha vijidudu ndani yake kama watoto chini ya kitanda. Kabla ya kutia klorini lazima tope lituame kwa dawa kama shabu. Kiasi chake hakikadiriwi kwa jicho: maji ya mto huwekwa kwenye mitungi kadhaa ya kioo, kila mmoja na kipimo chake cha dawa, yakakorogwa na kuachwa, kisha inaangaliwa ni mtungi upi uliotua vizuri zaidi. Jaribio la jana huenda lisifae leo kama usiku ilinyesha.

Vipo pia visivyokufa kwa kuchemsha. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto yakiwa bado yanaumbika kwenye fizi, na ikizidi sana huharibu mifupa. Wenzetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanalijua hilo kwa macho. Naitrati, inayotokana na mbolea na vyoo, ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji ya kisima, kwani huizuia damu yake kubeba oksijeni. Ukiyachemsha maji ya namna hiyo, yanapungua kwa mvuke na chumvi hizo zinabaki palepale, nzito zaidi. Hili peke yake linatosha kumfanya mama anyonyeshe miezi sita bila kuongeza kitu, hata maji.

Na mkoa wetu una makaa ya mawe Mbinga na urani kule Mto Mkuju, Namtumbo. Sisemi maji ya huko yana tatizo. Nasema panapochimbwa, maji yapimwe kabla, wakati na baada, ili siku mtu akiuliza kuwe na namba za kulinganisha. Kumbukumbu za maabara ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Uzito wa siku moja haukuambii mengi, ila mstari wa miezi unaonesha anakoelekea.

Turudi jikoni, maana huko ndiko majibu mazuri ya maabara hupotelea. Maji yakitoka bombani salama, yakamiminwa kwenye ndoo iliyofuliwa nepi jana, yakachotwa kwa kikombe alichotoka nacho mtoto uani, hakuna mpima maji anayeweza kukusaidia. Nimeona nyumba zinazochemsha kwa uaminifu kabisa, halafu maji yanapozwa kwenye sufuria wazi na kila apitaye anatumbukiza mkono na kikombe. Chombo chenye mdomo mwembamba, kifuniko na koki ni bora kuliko kurudia kuchemsha. Ukichemsha, subiri yatokote kwa mapovu makubwa, funika, yaache yapoe humo humo. Anayetumia vidonge vya klorini asome pakiti: kidonge kimoja ni cha lita ngapi, na asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kama yana tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Mtoto akiharisha usisubiri majibu ya maji. Mpe ORS iliyochanganywa kwa maji salama, aendelee kunyonya au kula, muulize mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya zinki, na umkimbize kituoni ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani au anashindwa kunywa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulidumu zaidi ya miaka miwili na kuugusa karibu kila mkoa, kwa wagonjwa wanaozidi 30,000. Haukuchagua waliokunywa maji machafu kwa macho.

Kwa wenye watoto wanaopenda Kemia na Baiolojia, hii ni ajira ya kufikiria, na haihitaji awe daktari. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kinafundisha teknolojia ya maabara ya ubora wa maji ngazi ya stashahada, na wenye shahada ya kemia nao wanaingia. Mwambieni ukweli: siku nyingi ni za chupa, lebo na kuandika namba, na kosa la nukta moja lina familia nyuma yake.

Mwenye kisima nyumbani, hasa kifupi na chenye choo cha shimo karibu ya mita 30, anaweza kuomba maji yake yapimwe kwa malipo. Usiyapeleke kwenye chupa ya soda. Nenda kwanza maabara ukaulize siku wanazopokea sampuli, upewe chupa yao na maelekezo, na uulize kama wanaweza kuja kuchukua wenyewe. Waambie pia kama kuna mtoto mchanga anayetumia maji hayo, ili naitrati isisahaulike.