TAHARIRI: Mtoto asipakatwe kiti cha mbele

Magari madogo ya abiria hutoka Mbarara kila siku kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, umbali wa kilomita 60 hivi. Mengine hushika njia ya Kikagati, mpakani na Tanzania. Humo wamo wafanyabiashara na mizigo yao, na familia zinazojiandaa kurejea Burundi, Rwanda au Kongo. Kiti cha mbele kilichotengenezwa kwa mtu mmoja hukaliwa na wawili, mmoja akiwa mama aliyempakata mtoto. Wakati mwingine hata dereva hugawana kiti chake na abiria.

Wapo wanaojifariji kwamba gari lina mifuko ya hewa, maarufu kama eabegi. Faraja hiyo ni ya hatari.

Gari linapogonga kwa nguvu, kihisi hupeleka umeme kwenye kopo dogo lenye kemikali. Kemikali huwaka na kutoa gesi inayojaza mfuko kwa takriban sehemu tatu za mia za sekunde, yaani kabla mtu hajapepesa jicho. Mfuko hufumuka kwa kasi inayoweza kufika kilomita 300 kwa saa, kisha hunywea kupitia matundu yake ili kichwa kitue polepole. Mahesabu yote hayo yamefanywa kwa mtu mzima mmoja, aliyefunga mkanda, kifua chake kikiwa walau sentimita 25 kutoka kwenye usukani.

Mtoto aliyepakatwa yumo ndani ya nafasi hiyo. Kile kilichowekwa kumwokoa mtu mzima humpiga yeye usoni na shingoni. Katika miaka ya 1990 watoto kadhaa waliuawa na mifuko hii nchini Marekani, katika ajali ndogo ambazo watu wazima walitoka salama. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba walio chini ya miaka 13 wakae nyuma. Na abiria asiye na mkanda hurushwa mbele dereva anapokanyaga breki, hivyo mfuko humkuta akiwa tayari ameulalia. Mzigo uliowekwa juu ya dashibodi nao hugeuka kombora.

Kwa wanaonunua gari ili waende nalo nyumbani, tunayo mengine. Mfuko wa hewa hutumika mara moja tu. Gari lililowahi kupata ajali linaweza kuwa limeshonewa kifuniko kizuri cha usukani, ndani hamna kitu. Washa swichi kabla hujatoa fedha: taa yenye herufi SRS iwake sekunde chache, kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, uliza balbu imekwenda wapi, maana wajanja huing'oa.

Lipo pia suala la kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Kemikali ya mifuko yake mingi iliharibika kwa miaka ya joto na unyevu, hata kopo likawa linapasuka na kurusha vipande vya chuma. Zaidi ya watu 20 walikufa Marekani pekee. Magari ya Toyota, Honda na Nissan ni miongoni mwa yaliyoitwa kurudishwa gereji. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokuwa yameshaingia hayakuondoka, na tangazo la kiwandani halimfuati mnunuzi wa tatu. Namba ya chesisi ndiyo ya kuulizia kwa mtengenezaji.

Askari wa usalama barabarani wanajua kwamba kujaza abiria kupita kiasi ni kosa. Tunawataka wakisimamisha gari njia ya Isingiro waanze kukagua kiti cha mbele: mtu mmoja, mkanda umefungwa, mtoto yuko nyuma. Nao madereva wasimtoze mama nauli ya ziada kwa sababu ameomba nafasi ya nyuma.