SAFU YA JAMAA: Mtoto wa Kitwa naye awe muuguzi



Juma hili twawaomba mtazame upande wa Buhoma, wilaya ya Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda. Mwaka 1991 msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa, Watwa waliozoea kuwinda, kurina asali na kuchimba dawa humo waliondolewa. Wengi walibaki bila ardhi, wakawa vibarua katika mashamba ya watu. Baadhi ya majirani hawakukubali hata kunywa nao katika kikombe kimoja.

Mtu aliyezoea kudharauliwa huchelewa kwenda hospitali. Huogopa kukemewa mlangoni, akangoja hadi homa imwangushe. Akipokewa na binti wa jamaa yake, aliyevaa sare na kuijua kazi yake, hofu hiyo hupungua. Na yule jirani aliyekikataa kikombe, siku akiugua, atapokea dawa kutoka mkono uo huo.

Mlango upo. Hospitali ya Bwindi, iliyoko Buhoma, ilianza mwaka 2003 kwa nia ya kuwahudumia Watwa, na chuo cha uuguzi kikafunguliwa hapo mwaka 2013. Lakini chuo hakimpokei mtu kwa huruma; chataka aliyefaulu masomo ya sekondari, biolojia na kemia zikiwemo. Kwa hiyo safari ya uuguzi yaanzia shule ya msingi. Hukatika siku mtoto akosapo darasa kwa njaa au kwa kutumwa kibarua, na siku binti aozwapo kabla ya wakati.

Basi, udongo upate uli maji. Mwalimu, usimweke mtoto wa Kitwa benchi la nyuma, wala usiache wenziwe wamcheke kwa asili yake. Mzazi, mahari huliwa ikaisha, bali mshahara wa muuguzi hurudi nyumbani kila mwezi. Wavulana nao wasiambiwe kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake. Nanyi mnaotoa misaada, karo peke yake haitoshi: kukosa sabuni, daftari, sodo au nauli huwarudisha wengi nyumbani.

Muhula ujao ukianza, kila mwalimu mkuu na awahesabu watoto wa Kitwa waliorudi shuleni. Kwa kila aliyekosekana, aende nyumbani kwao akapige hodi.