Mvuvi Aliyezeekea Ng'ambo ya Ziwa Apewe Pa Kukaa

Kisorya iko kwenye ncha ya rasi ya Mwibara, wilayani Bunda, pale barabara ya kutoka Bunda mjini inapoishia majini na msafiri akasubiri kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe. Kwa watu wa mialo ya huku, maji ni njia. Mvuvi humfuata samaki: msimu huu Ukara, msimu ujao Irugwa, baadaye Goziba upande wa Kagera. Wapo wanaovuka kabisa wakaingia Uganda au Kenya, kama Waganda na Wakenya wanavyokuja kwetu. Hata mwezi humhamisha, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda kambi hulala au hung'oa nanga. Tumeyazoea maisha haya kama maisha ya vijana, na tumesahau kwamba vijana wale wamezeeka.

Sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 alianza kujaa nyavuni miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikafuata Mwanza, Musoma, Kisumu na kwingineko, na vijana wengi wakaacha jembe wakashika kasia. Aliyepanda mtumbwi mwaka 1985 akiwa na miaka 20 alitimiza 60 mwaka 2025, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha neema ya sangara ndicho kinachofika uzeeni sasa hivi, mgongo ukiwa hauwezi tena kuvuta nyavu. Mtu wa namna hii, aliyeoa ng'ambo, akazaa huko na kuzika huko, akitaka kutulia pale pale, nasema ana haki hiyo, na nchi zetu tatu zinapaswa kuiandika katika sheria badala ya kuiacha kwenye huruma ya majirani.

Kwa sasa haijaandikwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia, kufanya kazi na kuishi nchi jirani. Lakini haki ya kuishi imefungwa kwenye kazi au biashara. Siku mvuvi anapoweka kasia chini, haki yake inabaki ikining'inia. Ardhi nayo itifaki imeiachia sheria za kila nchi. Hapa Tanzania asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, na Kenya na Uganda humpa upangaji usiozidi miaka 99. Masharti hayo yalitungwa kwa kumfikiria mwenye kampuni, wala hayakumwona mzee anayetaka kibanda na matuta machache ya mihogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe ameshika miaka 30. Udongo wa kulitia ndio aliokosa.

Wapo watakaosema arudi kwao. Kwao wapi? Shamba la baba liligawanywa kwa waliobaki, na watoto wa ndugu zake hawamjui ila kwa jina. Kumrudisha huko ni kumfanya mgeni mara ya pili, tena akiwa hana nguvu za kuanza upya. Hoja ya uhaba wa ardhi ni nzito zaidi, na watu wa visiwani wana sababu ya kuitoa. Ila ninachoomba si mashamba. Ni makazi ya kutumia maisha yake yote, bila ruhusa ya kuyauza, na akifa yarudi mikononi mwa kijiji isipokuwa watoto wake ni raia.

Inabaki hoja ya usalama, ambayo husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji haramu na majambazi katika mikoa kama Kagera, na miongoni mwa walioondolewa walikuwemo watu waliokuwa wameishi nchini miongo mingi. Mimi naisoma kama ushahidi wa upande wangu: pasipo na kumbukumbu, mzee mwema na mhalifu hufanana machoni pa askari. Na tunajua kwamba tukiamua tunaweza. Tanzania hii hii iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia hapa mwaka 1972, wengi wao wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vyao vilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Kama wakimbizi wa miaka 40 walihesabiwa mmoja mmoja, wavuvi wa miaka 40 hawashindikani.

Kumbukumbu zenyewe zina pa kuanzia. Mvuvi hana hati ya mshahara, kwa kuwa mapato hugawanywa baada ya kutoa mafuta na chakula, wala hakuna mwajiri aliyemkatia NSSF. Lakini leseni hulipiwa, samaki hutozwa ushuru, na BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa mialo, vina kazi ya kuorodhesha mitumbwi na watu wake. Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, yenye makao yake Jinja, inaweza kuziomba nchi tatu zikubali daftari hizo kuwa ushahidi wa miaka mtu aliyofanya kazi, na miaka hiyo ikitosha, apate kibali cha kuishi kisichodai kazi tena. Kwa raia wetu wanaohama mwalo hadi mwalo hatuna haja ya kungoja mawaziri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeuweka uamuzi wa kugawa ardhi kwa halmashauri na mkutano mkuu wa kijiji, na mzee wa Ukara aliyechoka na maji anaweza kupewa kiwanja Kisorya katika mkutano ujao, majirani wakinyoosha mikono.