Karo ya Mwana na Mpira wa Kikapu
Wazazi wenzetu, wengi wetu tunatumaini kwamba mpira wa kikapu utamlipia mwana karo ya chuo hapa Marekani. Tumaini hilo na tulipime. Machi 2025, timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Saint Francis, Pennsylvania, ilicheza katika mashindano makuu ya taifa. Siku chache baadaye chuo kikatangaza kushuka hadi daraja la tatu, ambako mchezo haumpatii mwanafunzi ufadhili. Tangu Julai 2025 vyuo vikubwa vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Vidogo havina mfuko wa kushindana navyo. Basi kabla ya kutia sahihi tuulize, na tujibiwe kwa maandishi: timu ikifutwa, karo italipwa na nani? Na daftari lisiachwe kwa ajili ya mpira.