Subira si kukataa dawa ya maumivu

Wapo wagonjwa wa saratani wanaorudi Singida kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, huku wakiendelea kuchomwa filgrastimu, sindano ya kuongeza chembe nyeupe za damu. Mifupa ikianza kuuma, hasa kiunoni, hudhani saratani imehamia huko, wakaacha sindano. Mara nyingi ni uboho tu unaozalisha chembe hizo. Wengine huumia kimya wakisema ni subira. Sikubaliani nao: Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Mweleze daktari wako, umuulize kuhusu parasetamo. Diklofenaki za dukani ziache, zaweza kusababisha kutoka damu. Kabla ya kumeza parasetamo pima joto, kwani dawa hiyo huficha homa. Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje alfajiri.