Kupangisha Bila Kupanga

Kitenzi 'kupanga' kina maana mbili zinazofahamika na kila mwanafunzi wa Kiswahili: kukaa katika nyumba ya mtu kwa kulipa kodi, na kuweka mambo katika utaratibu kabla ya kuyatenda. Inasikitisha kwamba wengi wanaojenga nyumba za kupangisha kandokando ya vyuo vikuu nchini Kenya huishika maana ya kwanza na kuisahau ya pili.

Anayepita Juja, Kahawa Wendani au Njoro huona majengo ya vyumba vya wanafunzi yakichipuka kama uyoga. Aghalabu mwenye jengo ni mwalimu au mtumishi wa umma aliyestaafu, akatia humo kiinua mgongo chake chote, kisha akaweka rehani hatimiliki ya shamba ili benki imwongezee. Hesabu yake ni fupi: idadi ya vyumba mara kodi mara miezi 12. Hesabu hiyo ndiyo mwanzo wa majuto.

Mathalani, jengo la vyumba 20 vinavyolipiwa shilingi 5,000 kila kimoja kwa mwezi huonekana kuleta 1,200,000 kwa mwaka. Lakini ikiwa wanafunzi watalipa kwa miezi 9 ya masomo tu, na vyumba viwili vikose wapangaji, kitakachopatikana ni 810,000. Ushuru wa mapato ya nyumba, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa bila kuondoa gharama, huchukua 60,750. Mlinzi akilipwa 10,000 kila mwezi, na maji, taka, rangi na ukarabati vikigharimu 90,000 kwa mwaka, hubaki 539,250. Iwapo ujenzi ulifanywa kwa mkopo wa milioni 6 wenye riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza pekee hukaribia 900,000. Hata vyumba vyote vikijaa mwaka mzima, kitakachosalia baada ya ushuru na gharama ni 900,000 zizo hizo. Deni lenyewe litakuwa halijaguswa.

Fauka ya hayo, kuwapo kwa mpangaji mwanafunzi hutegemea mambo ambayo mwenye nyumba hana mamlaka nayo. Mnamo 2016, udanganyifu katika mtihani wa KCSE ulipodhibitiwa, waliopata alama ya C+ na zaidi walikuwa 88,929, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Aliyejenga akitarajia wimbi la wanafunzi wa kujilipia alijikuta akingojea wageni wasiokuja. Kisha, Machi 2020, vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi walifunganya virago wakarudi kwao. Vyumba vikakaa vitupu kwa miezi kadhaa, huku riba ikiendelea kuhesabiwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba nyumba haiozi na kwamba ardhi hupanda thamani. Dai hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, thamani iliyo ardhini hailipi mkopo wa mwisho wa mwezi. Huonekana siku ya kuuza, na anayeuza kwa kusukumwa na dalali wa mnada hapati bei aitakayo.

Haya hayamaanishi kwamba nyumba zisijengwe. Mabweni ya vyuo hayatoshi, na mwanafunzi anahitaji mahali pa kulaza ubavu. Linalotakikana ni hesabu ianzie kwenye chumba kitupu, si kwenye chumba kilichojaa. Ajengaye na ajiulize kama ataweza kulipa deni kwa kodi ya miezi 8. Kama hawezi, na apunguze mkopo, ajenge vyumba vichache kwanza na kuongeza vingine kwa fedha zinazotokana na vile vya awali. Avigawe pia vyumba vyake ili wauguzi, walimu na wafanyabiashara wa mtaa wapate nafasi, kwani hao hawaondoki muhula unapokwisha. Na kila mwezi atenge akiba ya ukarabati kabla hajanunua chochote chake.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mstaafu aliyefanya kazi miaka thelathini hana miaka thelathini mingine ya kurudishia kilichopotea. Daftari na litangulie mawe ya msingi.