Kujitolea au Kunyonywa? Neno Juu ya Wahitimu Wanaofanya Kazi Bila Ujira



Kuna neno takatifu linalochafuliwa katika maofisi ya Tunduma, Vwawa na Mlowo. Neno hilo ni "kujitolea". Sisi Wakristo tunalifahamu vema. Kristo aliutoa uhai wake kwa hiari, wala hapakuwa na mtu aliyemnyang'anya. Mama wa WAWATA anayekwenda kumfulia mgonjwa asiye na ndugu anajitolea. Lakini kijana aliyemaliza chuo, anayefanya kazi ya mwajiriwa kwa saa za mwajiriwa pasipo mshahara, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, huyo hajitolei. Ananyonywa. Tunataka jambo hili liitwe kwa jina lake.

1. Hali ilivyo

Tunduma ni mlango. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapa kuelekea Zambia, na mwaka 2019 ulifunguliwa utaratibu wa huduma za pamoja mpakani kati ya Tunduma na Nakonde. Penye mlango wa namna hii pana mawakala wa forodha, wasafirishaji, mabenki na maduka ya jumla. Vijana waliohitimu hufika kubisha hodi katika ofisi hizo, kwa sababu matangazo ya kazi hudai uzoefu, na uzoefu haupatikani pasipo kazi.

Tuchukue mfano wa binti wa mkulima wa kahawa wa Mbozi, mfano unaofanana na mengi tunayosimuliwa na wazazi. Amepata shahada ya uhasibu. Ofisi moja inampokea kwa miezi mitatu ya kiangazi, Julai hadi Septemba, na kumwahidi kuwa atajifunza. Juma la kwanza anatoa nakala za hati. Juma la pili anaingiza taarifa za mizigo katika kompyuta akiwa peke yake. Mwezi wa pili yeye ndiye anayefungua ofisi alfajiri na kuifunga usiku, maana malori hayangoji. Hakuna aliyeketi naye hata saa moja kumweleza jinsi ushuru unavyokokotolewa. Chumba, nauli na chakula vinalipwa na baba yake kwa fedha ya kahawa. Mwisho wa Septemba anapewa barua fupi ya shukrani, na Jumatatu inayofuata kiti chake kinakaliwa na mhitimu mwingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema apewe jembe na kunyimwa chakula.

2. Hoja za wenye ofisi na majibu yetu

Husema kwanza: "Alikubali mwenyewe." Papa Leo XIII alilijibu hilo mwaka 1891 katika waraka Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa kulazimishwa na shida, au kwa kuogopa baya zaidi, makubaliano hayo hayaondoi dhuluma, kwa sababu haki ya asili iko juu ya mapatano ya watu. Mwenye njaa hukubali mengi.

Husema pili: "Tunampa uzoefu, na huo ndio malipo." Tunauliza: mwalimu wake ni nani? Mpango wa mafunzo uko wapi? Kipimo ni chepesi. Kijana huyo akikosekana siku mbili, je, kazi inasimama? Ikiwa inasimama, basi alikuwa mtenda kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake (Lk 10:7). Mafunzo humgharimu anayefundisha. Kazi humfaidia anayetumikisha. Tusichanganye mambo haya mawili. Mwanafunzi aliyetumwa na chuo kwa mafunzo kwa vitendo yuko bado darasani, na muda mfupi wa mafunzo ya kweli ni jambo jema. Tunayempigania hapa ni mhitimu anayewekwa mahali pa mwajiriwa.

Husema tatu: "Ofisi yetu ni ndogo." Zipo ofisi ndogo kweli, nasi hatuzidharau. Asiye na uwezo wa mshahara na apunguze saa, atoe nauli na chakula, afundishe kweli, na amwandikie kijana cheti kinachoeleza alichokifanya. Lakini anayeongeza malori kila mwaka asituimbie wimbo wa umaskini.

3. Madhara yake

Kwanza, desturi hii huwabagua maskini. Mtoto wa mwenye nyumba mjini aweza kufanya kazi bure miezi mitatu. Mtoto wa Ileje au wa bonde la Momba, asiye na ndugu wa kumlaza Tunduma, hawezi. Hivyo shahada walizozipata pamoja hutenganishwa na mfuko wa baba. Na kama alisomeshwa kwa mkopo wa Serikali, deni linamsubiri.

Pili, hufundisha rushwa. Kijana asiyelipwa, aliyewekwa mahali ambapo dereva ana haraka na hati zinapita mikononi mwake, anafundishwa kuishi kwa "kitu kidogo". Kisha tunashangaa mpaka wetu kuwa na sifa mbaya!

Tatu, huwaweka mabinti katika hatari. Anayengoja barua au nafasi kwa huruma ya mtu mmoja ni rahisi kudaiwa mwili wake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaita jambo hilo kosa la jinai. Mbele ya Mungu ni dhambi inayolia.

4. Sheria na mafundisho ya Kanisa

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa, kwa mfano, kazi yake au saa zake zinaongozwa na huyo mwingine. Mwaka 2017 Serikali ilitoa pia mwongozo wa taifa wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Basi jina la "kujitolea" halifuti sheria.

Maandiko ni makali zaidi. Ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi (Law 19:13). Ole wake ajengaye nyumba kwa kumtumikisha jirani yake bure (Yer 22:13). Mtume Yakobo asema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio chake humfikia Bwana (Yak 5:4). Naye Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ndicho kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi.

5. Hukumu ianze nyumbani mwa Mungu

Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilikumbusha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza awe mwenye haki machoni pao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1286, inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kushika sheria za kazi na kulipa ujira wa haki. Kwa hiyo shule, zahanati na ofisi zote zenye msalaba mlangoni ziulizwe maswali yaleyale tunayowauliza mawakala wa forodha.

6. Tufanye nini?

Waamini wenye ofisi: mwandikieni kila mhitimu makubaliano yanayotaja muda, saa, msimamizi na posho. Wazazi: msimpeleke mtoto mahali pasipo na maandishi. Vijana: andikeni kila siku mlichofanya, na mkidhulumiwa msichelewe kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maana malalamiko yana muda wake. Halmashauri za walei: orodhesheni wahitimu wa parokia, mjue wako wapi na wanakula nini.

Maswali kwa jumuiya:
(a) Katika jumuiya yetu, nani anafanya kazi bila ujira, na nani anafaidika?
(b) Je, mwajiri huyo husali pamoja nasi? Nani atakwenda kuzungumza naye?
(c) Taasisi ya Kanisa iliyo karibu nasi inawalipaje vijana wake?

Jumuiya isiishie kujibu. Ichague watu wawili, iwape jina la ofisi, na iwatume kabla ya juma kwisha.